Kompyuta ya 2012 imeamka, na kaseti za mzee pia

Jana usiku stima ziliporudi hapa Kondele, Kisumu, ndio nikamaliza kufunga ile kompyuta nimekuwa nikiijenga pole pole. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i5-3470, ya 2012, heatsinki, kile chuma cha kuipoza, nimeipaka pesti mpya ya kupitisha joto kitone tu kama punje ya ndengu, RAM nikaisukuma mpaka ikalia tak! pande zote mbili, nikawasha, feni ikazunguka, aki nilifurahi.

Windows 11 haikubali prosesa ya umri huo na Windows 10 masasisho ya kawaida yalifika mwisho Oktoba 14, 2025, kwa hivyo watu wengi wanazitupa hizi mashine na bado ziko sawa kabisa. Mimi nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, kutoka kwa flashi, tena ukiwa na SSD badala ya ile diski ya kuzunguka utashangaa vile inafunguka haraka.

Sasa kazi yenyewe ni kaseti za muziki wa benga za mzee. Nimeunganisha redio kaseti na kebo kwa lain-in, lile tundu la kompyuta la kuingiza sauti, narekodi na programu ya Audacity, na hakuna njia ya mkato, kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60. Nasevu kwa FLAC, aina ya faili inayoweka sauti yote, juu MP3 hutupa sehemu ya sauti na hairudi tena, na kopi ya pili iko kwa diski ya nje.

Mzee amesikiza upande A leo asubuhi, chai ikapoa.