Si ndivyo mlivyotaka?

Bado kinachonikaa kichwani ni maneno ya mama mmoja wa Kayole, Nairobi, aliyefika kwenye dirisha letu la dawa Jumanne kuhusu mtoto wake mwenye kifafa.

"Hajaanguka tangu mlipomwongezea dawa, daktari. Ila analala mchana kutwa, hata ugali anasinzia nao mkononi. Si ndivyo mlivyotaka?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Mtoto ametumia fenobabitali, dawa ya kifafa, kwa muda mrefu, kisha akaongezewa valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Valproeti huzuia ini kuivunja fenobabitali, kwa hiyo vidonge vilevile vya miligramu 30, idadi ileile, huanza kurundikana damuni. Fenobabitali yenyewe hutoka mwilini kwa siku, si kwa saa, ndiyo maana usingizi mzito waweza kuja wiki ya pili au ya tatu, wakati nyumbani wamekwisha kusahau kwamba dawa ilibadilishwa. Aliyeandika valproeti alipaswa kupunguza fenobabitali mapema, au angalau kupanga kipimo cha damu.

"Kumbe si kifafa chenyewe?"

"Inaonekana ni hizo dawa mbili, mama. Lakini usiache hata moja. Mrudishe kliniki leo."

Fenobabitali ikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Nikamwambia pia: akitapika, akichanganyikiwa au asiamke ukimwita, usingoje kliniki, mkimbize hospitali. Valproeti yaweza kupandisha amonia, taka ya mwili yenye sumu, damuni hata vipimo vya ini vikiwa sawa, na ikiwa pamoja na fenobabitali hatari huongezeka.

Si ndivyo mlivyotaka. Kadi yake niliishika: safu ya tarehe, safu ya kuanguka, basi. Usingizi hauna pa kuandikwa, wala kuyumba akitembea. Tumempa mama huyu kitu kimoja cha kuhesabu, naye akahesabu kwa uaminifu. Nikachora safu ya tatu kwa kalamu.

Leo kanitumia picha ya kadi. Damu imepimwa, fenobabitali imeanza kupunguzwa, na kwenye safu mpya, kwa mwandiko wa kubana: "Mchana amelala kwa saa tatu. Uji amemaliza." Nimeisoma mara nyingi, na moyo umenifurahi mno.