Fundi wa Ngamiani

Nimemdanganya Baba Mdogo, uongo usio na kichwa wala miguu, na tangu Jumapili sina usingizi wa maana.

Ile Beetle ya marehemu Baba mnaijua, tuliyoishusha kutoka Arusha baada ya arobaini. Na mnakumbuka Baba Mdogo alivyosema kwenye kikao, kwamba gari la 1971 ni mzigo, liuzwe, kwa sababu nyumba hii haina tena mtu wa kulishika. Siku ile nilinyamaza. Mama naye alinyamaza, akawa anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua.

Basi Jumapili, baada ya walima wa Mwajuma (harusi imepita salama, alhamdulillahi, watu wamekula wakasaza), nilimpeleka Baba Mdogo stendi apande gari la Muheza. Njiani alikuwa akieleza habari za minazi yake. Mara akanyamaza. Akainamisha kichwa kuelekea kiti cha nyuma, kama mtu anayetega sikio kwa adhana ya msikiti wa mbali. Tulikuwa gia ya tatu, nimekanyaga mafuta.

"Taimingi hii kafunga nani?"

"Fundi mmoja wa Ngamiani, Baba Mdogo."

"Mpe salamu zangu. Mkono wake kama wa kaka."

Akarudi kwenye minazi yake. Stendi nikamshushia begi, nikamwambia safari njema, akaniombea dua. Mimi nikabaki nimekaa kwenye usukani mpaka konda wa daladala nyuma yangu akanipigia honi.

Hakuna fundi wa Ngamiani. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha petroli, nilifunga mimi, Jumamosi ya wiki iliyopita, uani, kabla jua halijachoma.

Tangu ifike Tanga gari lilikuwa linagonga. Kila nikikanyaga mafuta likiwa na mzigo, nyuma kunalia kama kokoto ndani ya kopo. Injini hii inapozwa kwa hewa, haina maji wala geji ya joto ya kukushtua; mlio ule ndio onyo lenyewe, na ukiupuuza unatoboa pistoni. Nilijua chanzo chake kwa sababu Baba alikuwa akinieleza nikiwa mdogo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mchanganyiko wa petroli unaungua polepole, kwa hiyo fundi anaiwahisha cheche kidogo na injini inakubali. Huku pwani hewa ni nzito. Cheche ikiwahi vile, moto unaikuta pistoni bado inapanda, shinikizo linapita kiasi, na hapo ndipo inapogonga.

Taa ya Baba ya kupimia bado ilikuwa ndani ya kopo lake la maziwa. Balbu ya indiketa na nyaya mbili alizozilehemu mwenyewe, mmoja mwekundu, mwingine waya wa pasi ya zamani, ule uliovikwa uzi, na mwishoni kibanio kimeshika kutu. Injini ikiwa baridi kabisa nilifungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa silinda, nikasafisha pointi, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme, nikaweka mwanya wa milimita 0.4 kati yake. Kisha nikatia spana namba 21 kwenye nati ya jenereta, nikazungusha taratibu mpaka rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, ikaelekea alama ya silinda ya kwanza. Waya mmoja kwenye koili, namba 1, mwingine kwenye bodi. Nikawasha swichi; taa ikiwaka, hapo ndipo cheche inaporuka. Nikazungusha tena kidogo kidogo, na taa ikawaka wakati alama ya puli bado iko milimita 8 hivi kabla ya mstari ambao nusu mbili za injini zinakutana. Hizo ni kama digrii 5 za kuwahi zaidi, juu ya zile 7 na nusu zinazotakiwa. Nikaipeleka alama mahali pake, nikalegeza kibano, nikageuza distribyuta kufuata saa hadi taa ikazima, halafu nikairudisha kinyume, unywele kwa unywele. Ilipowaka nilisahau kupumua. Nikakaza kibano huku nimeishikilia kwa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Kazi yote haikuchukua hata saa nzima. Na kazi hiyo nimempa mtu asiyekuwepo.

Naurudia ule mstari wake kila nikifumba macho. "Kafunga nani?" Hakuuliza "fundi gani." Aliuliza "nani." Mlango ulikuwa wazi, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu. Labda niliogopa atasema nimeharibu. Lakini alikuwa ameshasikia, uso wake ulishalegea! Barua ya kuthibitishwa kazini nimeipokea Jumatano na hata bahasha sijaionyesha nyumbani, kichwa kizima kiko kwenye neno moja.

Ila leo alfajiri, nikichota maji, limenijia jambo lingine. Baba Mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia Baba taa ile tangu wakiwa vijana. Ndiye aliyekuwa akisimulia nasi pale sebuleni jinsi Beetle ilivyoshinda Safari Rally ya 1962, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Sikio lake halidanganyiki. Akisema mkono wa kaka, basi kausikia mkono wa Baba kwenye injini ile, na mkono ule uko kwangu. Nimekaa na ndoo yangu pale bombani nikalia kidogo, kilio kizuri.

Ijumaa baada ya kazi nakwenda Muheza. Naipeleka Beetle mpaka mlangoni kwake, na lile kopo la maziwa nalichukua.

Lakini usiku huu kinachonisumbua ni mwanangu Juma. Jana nimemkuta amesogelea televisheni hadi pua inakaribia kugusa kioo. Nikamwambia arudi nyuma asome maandishi, akasema, "Mama, maandishi gani?"