Mbegu ya mwarobaini haina subira

Mara ya kwanza nilipanda mbegu 60 za mwarobaini kwenye viriba, nyuma ya nyumba yetu Tanga. Zikaota mbili tu. Nilikuwa nimezianika juani mpaka zikakauka kau, nikazitia kwenye chupa na kuziweka kabatini miezi minne nikingoja masika. Ndivyo tunavyohifadhi mahindi na kunde, nami nikadhani ni yale yale.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Kihindi, jirani yetu, ambaye wazee wake walitoka Gujarat. Kwao mti huu ni limdo, dawa ya Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, tangu kale. Mwezi wao wa Chaitra, kati ya Machi na Aprili, hunywa maji machungu ya maua na majani machanga ili kusafisha damu. Vijiti vyake walipigia mswaki. Mwenye tetekuwanga aliogeshwa kwa majani yake, na hapo nikamkumbuka bibi, maana sisi naye alituogesha vivyo hivyo.

Nilipomweleza habari ya chupa, akasikitika. “Mwanangu, mbegu hii haina subira. Ipande ingali mpya.”

Safari ya pili niliokota alfajiri matunda ya manjano, mengine popo wameshayafyonza nyama. Nikayamenya, nikaziosha kokwa kwa maji na mchanga mpaka utelezi wote ukatoka (usipotoka, huota ukungu), nikazitandaza kivulini siku tatu. Ya nne zilikuwa udongoni, kina cha sentimita 2 hivi, kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nilimwagilia kidogo, asubuhi tu, kwa sababu mwarobaini hauvumilii maji yanayotuama. Siku ya tisa ya kwanza ikachomoza. Wiki ya tatu nilihesabu miche 47, na kila nilipopita pale niliinama kuitazama.

Mbegu zilizobaki dada yangu alitaka kuzikamua mafuta, ampe mwanawe mchanga kijiko kimoja cha kikohozi. Nilimkatalia katakata. Mafuta hayo yakinywewa yamewahi kuwapa watoto wachanga degedege, hata kuwaua. Mtoto tulimpeleka zahanati.

Miche kumi nilimpelekea yule mama. Mmoja aliupanda mlangoni kwake, na mwaka huu Chaitra ilipoingia aliniita asubuhi na mapema, akanimiminia kikombe cha majani machanga ya mti ule. Nilikinywa chote.