Anwani moja ilipozuia barua ya wote

Jana mpwa wangu, ambaye yuko fildi mwaka huu, kaniuliza: mbona barua pepe imemfikia ilhali anwani yake haionekani popote juu ya barua? Nikamwambia yale majina ya juu ni ya msomaji. Seva inafuata bahasha, yaani amri ya RCPT TO, inayotajwa mara moja kwa kila mpokeaji. Nikakumbuka ile jioni ya chama chetu, 2017.

Tulikuwa tunatuma taarifa ya mkutano mkuu. Programu niliiandika kwa lugha ya C juu ya libcurl, maktaba ya kuhamisha data mtandaoni, iliyoanza kutuma barua pepe tangu 2010. Orodha ya wanachama niliijenga kwa curl_slist_append, anwani baada ya anwani, nikaikabidhi kwa CURLOPT_MAIL_RCPT, chaguo linalopokea orodha ya wapokeaji. Wanachama wasionane anwani, kwa hiyo kwenye barua yenyewe sikuweka hata moja. Hiyo ndiyo siri yote ya nakala fiche (BCC).

Mweka hazina alikaa pembeni yangu, miwani puani. Nilikuwa nimewasha CURLOPT_VERBOSE, mazungumzo na seva yakawa yanashuka kwenye skrini. RCPT TO, mabano, anwani; seva inajibu 250, yaani imekubali. Anwani nyingine, 250. Mama huyo akawa anazisoma kwa sauti ya chini na kuwataja wenyewe: huyu wa Temeke, huyu aliyemaliza mkopo wa bodaboda. Kisha ikaja 550, yaani imekataa, na kila kitu kikasimama. "RCPT failed: 550." Amri ya DATA, inayotangulia barua yenyewe, haikutolewa kabisa, hivyo hata wale waliokwisha kukubaliwa hawakupata kitu.

"Imeenda, mwanangu?"

"Haijaenda kwa yeyote, mama. Sanduku la huyu halipo."

Akasogeza kidole hadi kwenye ile anwani. "Huyu mzee kastaafu. Hiyo ilikuwa ya kazini kwake, watakuwa wameifunga." Akampigia palepale. Shikamoo, marahaba, habari za shamba, na mwisho mzee akatupa anwani ya mjukuu wake. Nikairekebisha orodha, nikatuma tena, 250 mpaka mwisho, ndipo nikaifuta orodha kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa curl_slist_free_all.

Mwaka 2020 toleo la 7.69.0 la libcurl lilileta chaguo la kuruka wanaokataliwa na kuendelea na waliobaki. Ni chaguo zuri, na kazi nyingine nimeliwasha bila kusita. Kwenye programu ya chama nimeliacha limezimwa. Mwenzangu ananiambia nawachelewesha wanachama wote kwa ajili ya mmoja, na hoja anayo; angalau niandike waliokataliwa kwenye faili, mtu awapigie kesho yake. Ninachoogopa ni kwamba faili hilo halitafunguliwa na mtu. Mkutano wa mwaka huu umekaribia na bado tunabishana.