Marafiki hawajapotea, wamekosa +255

Ukifika mwaka wa pili au wa tatu Kampala, ghafla unagundua watu wamepungua. Waliokusindikiza stendi wamenyamaza. Wenzako wa kazini kule nyumbani hujui nani bado yupo na nani alishahama. Hapa mjini unamjua mwenye nyumba, muuza chapati na madereva wawili wa bodaboda. Wengi hujilaumu kwamba wamekuwa wagumu wa moyo. Kabla ya kujilaumu, fungua simu uangalie namba zimeandikwaje.

Mtu aliyetoka Tanzania huwa amehifadhi majina yake kwa mtindo wa nyumbani: 0754 na kuendelea. Akifika hapa ananunua laini ya MTN au Airtel, anasajili kwa pasipoti, anaanza kupiga. Simu sasa iko kwenye mtandao wa Uganda, na inaisoma 0754 kama namba ya Uganda. Bahati mbaya namba hizo zinafanana: 075 kwa Tanzania ni Vodacom, kwa Uganda ni Airtel, 078 kule ni Airtel, huku ni MTN. Hivyo simu inaita kweli, inapokelewa na Mganda asiyekujua, wewe unakata ukiamini rafiki yako alibadilisha namba. Hata WhatsApp huweza kukuonyesha picha ya mtu mgeni kabisa juu ya jina la rafiki yako. Dawa yake ni jioni moja ya kukaa chini: toa sifuri ya mwanzo, weka +255, jina moja baada ya jingine. Mkenya anaweka +254, Mkongo +243. Namba mia mbili huchukua kama saa mbili, na inachosha, lakini hakuna hatua nyingine hapa itakayokurudishia watu wengi kwa mkupuo.

Kosa la pili ni kufungua WhatsApp mpya kwa laini mpya na kuiacha ya zamani ifie hapo. Wanaokutumia salamu kwenye namba ya zamani wanaona tiki moja tu, wanachoka. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa na hatimaye kuuzwa kwa mtu mwingine. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, kuna kipengele cha kubadilisha namba: kinahamisha makundi yako yote na kukuuliza kama unataka watu wako wajulishwe. Kitumie ukiwa bado na laini zote mbili mkononi.

Na Facebook? Ilifungwa Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na watu wengi hapa ama wanaingia kwa VPN, programu ya kupita kizuizi hicho, ama waliachana nayo. Wa nyumbani hawajui hilo. Mtu anakuandikia huko, kimya, anahitimisha kwamba maisha ya ughaibuni yamekupandisha mabega. Ingia siku moja kwa VPN, soma ujumbe uliolala, kisha acha namba yako ya sasa kwa kila aliyekuandikia faraghani, usiibandike ukutani.

Ukiwa na mashaka kama namba bado ni ya mwenyewe, anza kama unamtumia pesa kwa simu. Jina la mwenye laini hutokea kabla hujaweka namba ya siri, ukishaliona, ghairi. Ila usiruke kwenye hitimisho: wapo wengi ambao laini zao zimesajiliwa kwa jina la mume, kaka au hata mwajiri.

Sasa salamu yenyewe. "Mambo" peke yake, halafu unasubiri, ni salamu mbovu kwa mtu mliyepotezana miaka mitatu. Anaiona, anajiuliza unataka nini, na jibu la kwanza linalomjia ni mkopo. Ndiyo maana Waswahili tuna ile sentensi ya dhahabu, "nakusalimia tu, sina shida", na isemwe mapema, isiwe mwishoni. Ujumbe unaofanya kazi una vitu vinne: wewe ni nani na mlijuana wapi, kitu kimoja kidogo kilichokufanya umkumbuke, kwamba huna shida, na swali jepesi lisilo na haraka. Kwa mfano:

"Habari za siku nyingi kaka Hamisi. Ni Rehema wa stoo, zamu ya usiku. Leo nimeona kijana anafunga boksi kwa kamba moja nikakumbuka ulivyokuwa ukimfokea kila mtu afunge mbili. Niko Kampala siku hizi, nakusalimia tu, sina shida. Ukipata nafasi niambie watoto wanaendeleaje, hata wiki ijayo."

Kamba ndiyo inayobeba ujumbe huo. Bila kamba ni salamu kama zile za sikukuu zinazotumwa kwa watu mia. Kuhusu aibu ya "nitaonekanaje baada ya kimya chote hiki", mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha mfululizo wa majaribio kuhusu jambo hili hasa: anayetafuta hukisia chini kuliko furaha halisi ya anayetafutwa, na salamu isiyotarajiwa hufurahisha zaidi. Akikujibu "umepotea sana!", usianze kujitetea kwa aya tatu. Hiyo si kesi. Jibu "nimepotea kweli, nisamehe" kisha uliza lako.

Kuna swali moja la kuliepuka kwa mfanyakazi mwenzako wa zamani: "Siku hizi uko wapi?" Kwetu linamaanisha unafanya kazi wapi, na aliyepunguzwa kazini au ambaye biashara yake imeanguka atakuachia ujumbe wako bila jibu kwa sababu hiyo tu. Muulize kuhusu kitu unachokijua tayari, mguu uliokuwa unamsumbua, shamba alilokuwa analipia kidogo kidogo, naye ataleta habari za kazi mwenyewe akitaka. Usifungue mazungumzo kwa kumsengenya bosi wa zamani pia. Inachekesha dakika tano, halafu hakuna kilichobaki, na huenda bosi huyo ndiye anayempa kibarua sasa.

Tuma salamu tatu kwa wiki, basi. Ukituma thelathini Jumapili moja, majibu yatakuja pamoja, utashindwa kuyajibu, na utakuwa umempoteza mtu mara mbili. Baada ya kila mazungumzo andika mistari miwili kwenye jina lake humo humo kwenye simu: mtoto wa pili kaingia kidato cha kwanza, mama kafanyiwa upasuaji wa jicho. Asipojibu, subiri wiki tatu, tuma mara moja tena kitu kifupi kisicho na swali, halafu mwache mpaka Idi au Krismasi. Ukiombwa pesa kwenye mazungumzo ya kwanza, sema mapema kwamba kwa sasa huna. "Nitaangalia" huzaa chuki kuliko "sina".

Makundi ya waliofanya kazi pamoja yanaonekana njia rahisi, na kwa maoni yangu ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Mtu anaingizwa bila kuulizwa, wiki ya kwanza ni kelele na picha za zamani, mwezi wa pili ni michango ya misiba na ujumbe wa kusambazwa mara nyingi. Kundi litumie kama soko la namba: chukua zile unazozihitaji, kisha ongea na mtu mmoja mmoja.

Kampala yenyewe ina mambo yake. Kiswahili kilitambuliwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakikubali tena, lakini mtaani wazee wengi bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi na polisi. Ukimwanza mama wa dukani kwa Kiswahili kikavu anaweza kujikunja. Anza kwa "gyebale ko, nnyabo", kwa mwanamume "ssebo". Maana yake inakaribiana sana na "pole na kazi" yetu, na inasemwa hata kwa mtu aliyekaa tu kivulini. Hapo ndipo unaweza kuhamia Kiswahili, na mara nyingi utashangaa kwamba anakijua. Kiswahili cha bila woga utakipata Kikuubo, soko la jumla katikati ya mji, kwa wafanyabiashara wa mpakani, Katwe na Nsambya kwa Wakongo, na Kansanga kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania.

Ukitaka kukutana na mtu, angalia foleni kwanza, chakula baadaye. Wa Kireka na wa Kansanga wakiahidiana katikati ya mji Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mmoja hatafika, na mvua ikinyesha hafiki yeyote, maana bodaboda wote wanajibanza kwenye vituo vya mafuta. Jumamosi saa nne asubuhi ni salama zaidi. Waganda huhesabu saa kama sisi, ila anayekuandikia kwa Kiingereza "2 o'clock" ana maana ya saa nane mchana; thibitisha.

Mahali pa kwanza pawe pa bei ndogo. Banda la rolex, lile la chapati na mayai, linafaa kuliko mgahawa wa gharama wa Bugolobi: fundi anapiga mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kabeji na nyanya, anamimina kwenye kikaango, anafunika kwa chapati, anakunja. Mnasimama, mnakula, dakika ishirini zimetosha, na aliyeishiwa hana aibu ya bili. Wakizoeana watu ndipo waende Ggaba kula samaki, mmoja mkubwa kwa watu wawili.

Lakini mara moja haitoshi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti wa 2018, alikadiria saa 50 hivi za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kwa rafiki wa karibu; saa za kufanya kazi pamoja hazikuhesabika sana. Kwa saa mbili kila wiki, hizo 50 ni karibu nusu mwaka. Ndiyo sababu kitu chenye siku maalumu, kwaya, darasa la msikitini, mpira wa Jumapili, kikoba, kinashinda "tutafutane".

Walioko nyumbani nao huja. Mahujaji wa Tanzania na Kenya hufurika Namugongo kwa sherehe ya Mashahidi wa Uganda, 3 Juni. Uliza parokia yenu nani anasafiri, na mkutane tarehe 1 au 2 kwenye jengo mlilolitaja kwa jina. Siku yenyewe, kumtafuta mtu kwa simu ndani ya umati ule ni kazi bure.

Ukirudi wewe kupitia mpaka wa Mutukula, usitangaze kwa kila mtu. Chagua watatu, kila mmoja na siku yake. Kama ni Novemba, basi lako hupita Masaka wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, na rafiki wa Bukoba hahitaji zawadi nyingine. Chukua waliokaangwa, wabichi wataharibika njiani, na waweke kwenye kopo linalofunga vizuri, vinginevyo abiria wenzako watawamaliza kabla ya mpaka.