Fuateni maji kwanza

Mikono bado inauma. Jana jioni nilirudi Tanga mjini na gari la mwisho kutoka Muheza, kucha zimejaa udongo mwekundu wa Amani, na leo kutwa nimekaa kibarazani naiwaza ile njia ya miguu tuliyoichimba msituni.

Aliyewahi kupanda Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani anajua mlima unavyoanza ghafla. Unaliacha joto pale Sigi, kwenye kituo cha zamani cha reli ya Mjerumani, na kabla jua halijazama unatafuta sweta. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu wake, unagonga Usambara Mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga. Huko juu mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo iliyoukuza msitu, na ndiyo hiyo hiyo inayokula njia.

Mwaka juzi tulikata kipande kimoja wima, kutoka mgongoni mwa kilima mpaka kijitoni. Masika yalikuwa yanakaribia, tukaona mkato utatuokolea siku mbili. Sululu nilishika mwenyewe. Niliporudi mwezi wa sita nilikuta mtaro wa kufika magotini, mizizi imebaki nje mikavu, na watu, kwa kukwepa tope, wamekanyaga kushoto na kulia mpaka njia moja imekuwa tatu. Nilisimama pale nikakosa la kusema. Udongo wote ule ulishakwenda Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, tunakopata maji sisi wa mjini. Maji ninayonawia uso asubuhi yamepita pale.

Safari hii tulikuwa watu tisa na Baba Mkubwa, ambaye amefyeka njia za huko tangu kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1997. Siku ya kwanza hakuruhusu mtu kugusa jembe. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Fuateni maji kwanza, wanangu," alisema. "Mkishajua yanakopita, ndipo mje tuongee habari za njia."

Tukatembea tumelowa chapachapa, tukichomeka vijiti kila mahali maji yalipojikusanya. Kesho yake tukaanza kuchimba, njia ikikata ubavu wa mlima na kuzunguka badala ya kushuka wima. Ukingo wa bondeni tuliuinamisha kidogo, vidole viwili vitatu chini ya ule wa mlimani, ili maji yavuke njia yaende zake, yasisafiri nayo. Kila tulipomaliza hatua kumi, Baba Mkubwa alimimina maji ya kidumu kwenye ukingo wa juu, akachuchumaa kuyatazama. Yalisita kwenye udongo mpya, yakatafuta, yakavuta jani moja kavu, kisha yakadondokea bondeni. Akanyanyuka, tukasogea mbele. Mara nne yalikataa, yakageuka kufuata njia. Mara nne tukarudia.

Kijana mmoja alitaka tuipanue wapite watu wawili sambamba. Mimi nilipinga, na ningepinga tena. Ukifungua anga ndani ya msitu ule, mwanga unaingia, na mwanga ukiingia mhesi unaota. Ni mti wa kuletwa, unakua haraka mno, na mbegu zake ndege aitwaye hondohondo anazisambaza kila aendako. Palipokuwa na uwazi mdogo tu, baada ya miaka michache unakuta mhesi mtupu. Basi njia ikabaki ya mtu mmoja, na hakuna mti hai uliokatwa.

Kwenye kona ya tatu tulikutana na mwamba unaovuja maji, wenye kivuli kizito. Nilikuwa nimeshainua sululu nilipoona majani yenye manyoya laini yamejishikiza kwenye ufa, na katikati yake maua mawili ya zambarau, madogo kuliko kifungo cha shati. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, ndiye aliyeyapeleka kwao, na mwaka 1893 yakapewa jina la Saintpaulia. Leo yamo kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Yale mawili yalikuwa kwao, kwenye ufa wao. Tukaihamisha njia hatua kumi na tano chini. Ilitugharimu nusu siku, na hakuna aliyenung'unika.

Ule mtaro wa mwaka juzi tuliuziba kwa mawe na magogo yaliyoanguka yenyewe, tukayalaza kukingama, tukatupia majani juu. Akina mama wawili waliokuwa wanatoka kuokota mbegu za msambu, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, walisimama na ndoo zao kichwani, wakatazama, wakauliza wapite wapi sasa. Tuliwaonyesha njia mpya. Walipita bila kushika mti hata mmoja, na mimi nikawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea kwenye kona.

Usiku wa mwisho mvua ilipiga mabati mpaka alfajiri. Sikulala vizuri. Kulipokucha tu tukaenda kuikagua njia. Karibu kote maji yalikuwa yamevuka. Kwenye kona ya saba yalikuwa yamefuata njia kwa hatua sita, yamechora mfereji mwembamba kama uzi. Baba Mkubwa akakata kijiti kikavu, akakichomeka pale.

Jumamosi ijayo tunaanzia hapo.