Mzizi wenye tramadol

Mtu akiniambia dawa flani ya mizizi imepimwa maabara basi yameisha, namsimulia stori ya Cameroon. Kuna mti unaitwa Nauclea latifolia, watu wa kule wanachimba mizizi yake, wanachemsha, wanakunywa kwa maumivu, homa, hadi kifafa. Watafiti wa hukohuko wakaijaribu kwa panya na 2009 wakaandika kwamba inatuliza na inaleta usingizi. Vipimo vya namna hii vinaeleweka tu, panya anapewa dawa ya kulala, mwenzake anapewa hiyohiyo pamoja na mizizi, unaangalia nani anachelewa kuamka. Kwa maumivu anawekwa kwenye bamba la moto, kama nyuzi 55 hivi, unahesabu sekunde mpaka alambe mguu. Akichelewa ujue kuna kitu kinafanya kazi.

Kitu gani sasa? 2013 timu ya Michel De Waard kutoka Ufaransa wakachambua magome ya mizizi wakakuta tramadol, ndio, hiyohiyo dawa kali ya maumivu ya famasi ambayo Wajerumani waliitengeneza miaka ya 60. Na ilikuwa nyingi, kuna magome yalifika karibu asilimia 4!

Mwaka uliofuata Michael Spiteller na wenzake wa Dortmund, Ujerumani, wakaja na majibu mengine: mizizi ya kaskazini inayo, ya kusini haina, miti mingine ya jirani nayo inayo, na humohumo kuna mabaki ya tramadol iliyokwisha kupita mwilini mwa mnyama. Kumbe wakulima wa kule wanaimeza ili wahimili jua na wanawapa na ng'ombe wa kulimia, ng'ombe anakojoa shambani, mizizi inanyonya. Timu ya kwanza haikukubali kirahisi, ila baadaye kipimo cha kaboni 14 (aina ya kaboni ambayo mmea hai huwa nayo, petroli haina) kikaonyesha tramadol iliyotolewa kwenye udongo wa kule imetokana na petroli, sio mmea.

Mti wenyewe siudharau, una alkaloidi zake, yaani kemikali za mmea zenye nguvu mwilini. Kinachoniuma ni mgonjwa wa kifafa. Tramadol ikizidi inaleta degedege, halafu inazoesha mwili, na yeye anakunywa kikombe chake akiamini ni mzizi mtupu. Panya hawezi kukwambia hilo, kwake maumivu yamepungua tu.

Kwa hiyo nikisoma utafiti wa mjafari au mti wowote wa huku kwetu, kabla ya dozi natafuta mzizi ulichimbwa wapi, sehemu ngapi tofauti, na kama udongo wa pale nao ulipimwa.